Pimbi Azoa Sauti Bwawani kwa Kiboko

Paukwa!

Pakawa!

Mbona wa nyuma mnaitikia kama mnadaiwa? Paukwa!

Pakawaaa!

Masikio yako wapi?

Yako wazi!

Na midomo?

Tumefunga!

Haya, ifungeni hivyo hivyo, maana leo sina subira na mtu. Chausiku, hiyo simu weka chini.

Hapo kale, tena si kale sana, Kiboko alikuwa na bwawa. Halikuwa bwawa la kunywa, lilikuwa la kutazama. Ukitaka ngoma, ipo bwawani. Ukitaka mafunzo, yapo bwawani. Wanyama wote walirekodi video zao wakampelekea Kiboko, kwa sababu aliwaambia, "Leteni, leteni, nawatunzia bure!" Nao wakaamini. Mtu mwenye mdomo ule anakwambia bure, na wewe unaamini!

Bwawa lilikuwa na sheria moja: macho kwenye maji. Ukigeuka kidogo tu, kwi! Sauti inakatika. Ukitulia, ukaanza kunogewa, mara Kiboko mwenyewe anaibuka katikati ya picha: "Majani ya Kiboko! Matamu, matamu, matamu!" Unamvumilia mpaka amalize.

Sasa, Bi Fuko mnamjua, yule mchimbaji wa chini ya ardhi, macho yake hayaoni kitu. Mama yake alikuwa fundi wa mashimo, na kabla hajafa alirekodi video ya kufundisha namna ya kuchimba shimo lisiloingia maji. Masika yalikuwa yanakuja. Bi Fuko alikuwa na watoto wachanga, na shimo lake lilikuwa limebomoka. Akaenda bwawani, akakaa, akatega sikio.

Kwi! Kimya.

"Bwana Mkubwa, mimi sioni. Niache nisikie sauti ya mama tu."

"Macho kwenye maji!"

"Sina macho, baba."

"Basi huna mama," akasema Kiboko, akazama. Blubu, blubu.

Bi Fuko akarudi analia. Njiani akakutana na Pimbi, yule wa kwenye majabali, hana kimo wala hana mkia.

"Shoga, umepatwa na nini?"

Bi Fuko akamweleza yote. Pimbi akapandwa na hasira mpaka manyoya yakamsimama. "Nyamaza," akasema. "Mama yako atasema nawe humo humo shimoni, ukiwa unachimba."

Pimbi alikuwa na seva nyumbani kwake. Msishtuke na jina, ni sanduku tu, lina diski mbili na feni, na kazi yake ilikuwa kutunza picha za harusi za ukoo wa Pimbi. Kutwa lilikuwa linaguna: nguruuu, nguruuu. Pimbi akawaza, "Kama linaweza kutunza harusi zetu, litashindwaje kutunza sauti?" Lakini alikuwa na akili, akaenda kwanza kwa mwenye bwawa.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Macho kwenye maji!"

"Nimekuja kuomba makombo. Watu wakishatazama picha zako, sauti inabaki inaelea ovyo, inakuchafulia bwawa. Niruhusu niizoe."

Kiboko akacheka, bwaha, bwaha, mpaka maji yakamwagika. "Sauti bila picha? Si ugali mkavu huo! Nani ataula?"

"Mimi maskini nitaula hivyo hivyo. Ila sema mbele ya watu, nisije nikaitwa mwizi."

Kiboko akapaza sauti, wote wakasikia: "Picha zangu, sauti zake! Zoa, Pimbi! Zoa zote!"

Pimbi akarudi mbio. Akaiunganisha seva na bwawa. Ikavuta video nzima nzima, sanduku likajaa, likapata moto, likagoma. Puu! Pimbi akasema, "Ukigoma wewe, mimi sigomi." Akaanza upya. Sasa sauti ikaja peke yake, lakini katikati ya maneno akasikia, "Matamu, matamu, matamu!" Pimbi akasema, "Ukigoma wewe, mimi sigomi." Akaifundisha seva kukata kila tangazo na kulitupa pembeni. Nguruuu, nguruuu. Picha ikamenywa kama ganda la ndizi, tangazo likakatwa, ikabaki sauti safi. Akazipanga sauti zote kuwa podikasti, vipindi vya kusikiliza tu, akamgawia kila mnyama anwani ya mlisho wake, yaani mfereji wa kumletea sauti, aiweke kwenye simu. Tangu hapo, video mpya ikiingia bwawani, sauti yake inafika yenyewe nyumbani kwako.

Ikawa raha! Mnana anasuka kiota, anasikiliza. Mchwa anajenga, anasikiliza. Hakuna tena wa kukodolea maji. Ukingo wa bwawa ukabaki na vyura, na vyura wenyewe wamesinzia.

Kiboko akapanda majabalini. Tii! Tii! Tii!

"Pimbi! Nitakukanyaga wewe na sanduku lako!"

"Si ulisema nizoe, Bwana Mkubwa?"

"Nilisema sauti! Mbona matangazo yangu hayasikiki? Unayakata, unanificha! Nataka vyote ulivyokata, sasa hivi, masikioni mwangu!"

"Vyote? Ni vingi, Bwana Mkubwa."

"Vyote!"

"Na vya zamani?"

"Na vya zamani! Usinibanie!"

"Basi inama."

Mkubwa akainama kwa mdogo. Pimbi akamtumbukiza spika ndogo za masikioni, moja kulia, moja kushoto, zikazama ndani kabisa. Akafungua mlisho wa matangazo. "Majani ya Kiboko! Matamu, matamu, matamu! Majani ya Kiboko! Matamu, matamu..."

"Inatosha!" akapiga kelele Kiboko.

"Bado hatujafika ya mwaka jana," akasema Pimbi.

Kiboko akataka kuzitoa, mguu haufiki sikioni. Akakimbia, akajitupa majini, chubwi! Spika zile haziogopi maji. Mpaka leo akiibuka mtaona anapigapiga masikio, purupu, purupu. Anatafuta kimya, na hajakipata.

Kule chini, Bi Fuko alikuwa anachimba. Sauti ya mama yake ilikuwa naye gizani, imetulia, haikatiki: "Mwanangu, usifuate udongo laini. Palipo laini ndipo maji yanapopita. Chimba pale panapokukataa." Bi Fuko akachimba palipomkataa, kucha zikauma, akachimba. Mvua ikaja, mto ukafurika, mashimo ya ukingoni yote yakajaa. La Bi Fuko halikuingia hata tone. Watoto wakajikunja kifuani kwake, wakasikiliza.

"Mama, nani huyo anasema?"

"Bibi yenu," akajibu Bi Fuko. "Leo amekuja kulala kwetu."

Funzo la hadithi hii, wanangu, ni hili: mtoto mwema hutazama pale anapoambiwa atazame, na kitu chake cha thamani humpa mkubwa amtunzie bure. Pimbi hakufanya hivyo, na mwisho wake mmeuona wenyewe.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Ikiwa tamu, lambeni. Ikiwa chungu, mezeni hivyo hivyo.