Kwa Nini Farasi wa Mbio Hurudisha Sikio Moja Nyuma

Mmerudi kutoka mbioni sauti zimewakauka, na bado mnabishana nani alimpigia farasi kelele nzuri zaidi. Haya, kaeni, mnyamaze kidogo. Nitawaambia kwa nini farasi akiwa mbioni huelekeza sikio moja mbele na jingine hulirudisha nyuma. Na wewe Athumani usinichekee, kelele zako ndizo zilizonikumbusha habari hii.

Zamani hizo farasi alikimbia masikio yote mawili yakiwa mbele. Mpandaji alikaa juu kama gunia, kazi yake kushika hatamu asianguke. Walioamuru walikuwa watu wa pembeni. Pale mjini Shungi farasi wa mbio alikuwa mali ya mji mzima, basi kila mtu alijiona ana haki ya kumwamuru. Muuza samaki alipaza sauti, "Kaza!" Fundi viatu akajibu, "Punguza!" Mabibi madirishani nao walikuwa na yao. Desturi ilikuwa hiyo, wala hapakuwa na aliyeona ajabu.

Na mbio zenyewe hazikuwa mchezo, jamani. Kati ya Shungi na mji wa Pwakuu palikuwa na kisima kimoja tu cha maji matamu. Kila mwaka miji hiyo ilishindanisha farasi. Walioshinda waliteka maji asubuhi mwaka mzima. Walioshindwa walingoja alasiri, wakakwangua matope.

Shungi walikuwa wameshindwa miaka miwili mfululizo. Mpandaji wao, Mselemu, alikuwa amemzika mwanawe Saidi kwa ugonjwa wa tumbo ulioletwa na maji yale machafu. Sasa mkewe, Mwanakombo, alikuwa na mimba ya miezi minane, na kila alipotazama mtungi wao alilia.

Mwanakombo ndiye aliyekuwa akimwogesha Zafarani, farasi jike wa mji. Hakuwa msemaji. Akitaka mnyama asogee, alimgusa shingoni kwa vidole viwili. Akitaka atulie, alimwekea kiganja begani. Zafarani alimtii pale pale. Siku kumi kabla ya mbio akamwambia mumewe, "Baba Saidi, mji mzima unamwita huyu. Unataka amfuate nani?"

Tangu siku ile Mselemu alimpanda Zafarani kila alfajiri mahali pasipo na watu, akajifunza kusema naye kwa vidole, kwa magoti na kwa kuinama.

Siku ya mbio ikafika. Njia ilizunguka uwanda wa chumvi, na penye kona palikuwa na tope jeusi lililofunikwa na chumvi kavu, ukiliona utadhani ni sakafu. Mwaka uliopita Zafarani alizama hapo hapo, maana watu walikuwa wakimpigia kelele akaze.

Ngoma ikalia, farasi wawili wakatoka. Zafarani akatangulia, halafu wa Pwakuu akampita. Watu wa Shungi wakapagawa. "Kaza! Kaza, mama!" Masikio yote mawili ya Zafarani yakaelekea kwao, naye akaanza kunyoosha moja kwa moja kwenye tope. Mselemu angeweza kupiga kelele, lakini sauti yake moja ingefika wapi kati ya sauti mia tano? Akafumba mdomo. Akaminya hatamu ya kushoto kwa vidole viwili, akaweka kiganja begani, akangoja.

Hatua moja. Mbili. Hakuna kitu. Hatua ya tatu, sikio moja la Zafarani likatikisika, likageuka taratibu, likarudi nyuma kwa aliyempanda. Akapunguza mwendo, akakata kushoto kulizunguka tope.

Lo! Vilio vilivyopanda hapo! "Katuuza huyo! Kanunuliwa!" Mtu mmoja akavua kiatu akamrushia Mselemu, kikampata mgongoni. Hakugeuka. Watu wa Pwakuu nao walikuwa wakimhimiza farasi wao kwa nguvu zote, naye akawatii, akaingia topeni mpaka magotini. Alipojinasua, Zafarani alikuwa amekwisha kuizunguka kona. Ndipo Mselemu akainama mpaka kidevu kikagusa manyoya ya shingo, akamwachia hatamu yote. Zafarani alielewa. Wa Pwakuu akaja mbio nyuma yao, akawafikia, wakakimbia bega kwa bega, na Zafarani akafika mwisho akimtangulia kwa urefu wa shingo tu.

Mwanakombo alijifungua mwezi uliofuata. Asubuhi ile mumewe alirudi kisimani na ndoo ya maji meupe, akaiweka mlangoni, akakaa chini akalia kama mtoto.

Na tangu siku hiyo farasi akiwa mbioni hugawa masikio yake: moja la njia, jingine la aliye mgongoni. Mpandaji naye husema kwa vidole, kwa magoti na kwa uzito wa mwili wake. Ninyi wa pembeni pigeni kelele mpaka mpasuke makoo, anayewasikiliza hayupo.

Unabisha, Athumani? Mtoto aliyeogeshwa kwa maji ya ndoo ile ndiye aliyemzaa mama yangu. Bila sikio lile, leo ungekuwa unapiga kelele zako na mimi sipo wa kukukemea.