Maandishi Ndani ya Bangili

Hapo zamani, si zamani ya wafalme, zamani ya juzi tu, palikuwa na mjane aitwaye Bi Mize. Mumewe, Khatibu, alikuwa sonara. Alipofariki, Bi Mize alikaa eda, na mwenye eda havai pambo. Basi akang'oa kile kisumari kilichofunga bangili pana ya fedha aliyovishwa siku ya harusi, miaka thelathini na mmoja iliyopita. Bangili ikafunguka vipande viwili, na ndani ya kimoja akapapasa maandishi, madogo kama mayai ya chawa. Khatibu hakuwahi kumwambia.

Akadhani ni weusi wa fedha unaomzuia kusoma. Akachukua jivu na ndimu, akasugua. Kila Ijumaa, akishamsomea marehemu Yasini, alisugua, na akisugua humzungumzisha: wali umeungua leo, bwana, paa linavuja upande wako wa kitanda. Miezi minne na siku kumi. Eda ilipokwisha, fedha iling'aa kama kioo na maandishi yalikuwa yamelika. Hapo ndipo alipojua alilolifanya. Akaweka nadhiri kwa Mwenyezi Mungu: atakayemwonesha maneno ya mumewe, bangili ni yake.

Akaenda zahanati kwa Faki, mpimaji wa damu, mwenye hadubini. Taa ya hadubini humulika kutoka chini, na fedha haipitishi mwanga. Ikawa giza tupu. Faki akaleta taa ya mezani, akamulika kutoka juu. Fedha ikawarudishia mwanga wote machoni, mkali kama jua la adhuhuri kwenye bati jipya. Bi Mize akachungulia, akatoka na machozi, hakusoma kitu.

Jirani yake Saumu, mshonaji, alikuwa amemsindikiza. Akasema satini nayo humchoma macho hivyo hivyo mpaka aizibe taa. Akakata kitambaa chepesi cha melimeli nyeupe, akaitandaza kati ya taa na fedha. Ukali ukaanguka. Fedha ikatulia kama maziwa, lakini herufi nazo zikazama humo humo.

Fundi Kombo alikuwa hapo akipiga lipu ukuta wa zahanati. Akacheka.

"Ukuta hauulizwi usoni, jamani. Ukuta huulizwa ubavuni."

Akaishusha taa, melimeli ikiwa mbele yake vile vile, akailaza kando mpaka mwanga ukapita ukitambaa juu ya fedha. Kila mkwaruzo ukapata kivuli chake. Herufi zikasimama.

Bi Mize akasoma: *Ee Mola, kati yetu wawili, nitangulize mimi.*

Alikaa pale kwenye lenzi muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Kumbe Khatibu aliomba haya akiwa kijana, hata hina ya harusi haijakauka. Akaomba, akapewa. Na yeye Mize, amebakishiwa dua gani?

Kisha wakakumbuka nadhiri. Faki akasema hadubini ni yake na jicho ni lake. Pasipo hilo, fedha ingebaki fedha.

"Jicho lako lilipofuka, kaka," Saumu akamjibu. "Kitambaa changu ndicho kilichokutibu."

"Na baada ya tiba mkaona nini?" akauliza Kombo. "Maziwa. Mimi nilikuja na vumbi langu la saruji, ndipo mama akasoma."

Bi Mize akaongea polepole. "Wanangu, yote mliyosema ni kweli. Lakini aliyeyafuta maandishi ni mimi, kwa kumpenda mume wangu. Na dua iliyomo ndani imenitaja mimi. Hiyo si haki ya kubaki nayo?"

Faki akainamisha kichwa. Akasema nadhiri haikumtaja mwenye huzuni, ilimtaja mwenye kuonesha, na Mungu ameisikia.

Bi Mize ameikumbatia bangili kiganjani, bado ina joto la taa. Nadhiri ni nadhiri, na kiganja hakitaki kufunguka.

Haya, nyinyi mliosikia, semeni: kifunguke mbele ya nani?