Jina la Mjukuu wa Toronto

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Leo nawaletea kesi, na mimi mwenyewe imenishinda.

Bi Mwanakombo wa Tanga ana wana watatu wa kiume. Hatibu anauza tiketi za ndege. Njia za angani anazijua kama unavyoijua njia ya jikoni kwako. Mkadamu ni dereva wa lori, na hakuna barabara inayomkatalia. Shekue, kitinda mimba, hana kazi ya kueleweka, ila Mungu kampa ulimi.

Dada yao Mwanahawa alijifungua mtoto wa kiume huko Toronto. Viza ya Bi Mwanakombo ikachelewa, ikatoka arobaini ikiwa kesho kutwa. Mwanahawa akapiga simu akilia: "Ndugu zangu, mwanangu atolewe nje na nani kama si mama yetu? Atakayemfikisha kabla jua la arobaini halijachomoza, mtoto atabeba jina lake."

Hatibu akatazama ramani. Kila mtu alimwambia apitie Ulaya, ndiko karibu. "Karibu kwa kilomita," akasema, "lakini mama atalala uwanjani akisubiri ndege ya pili." Akamkatia tiketi ya kupitia Ghuba. Njia inazunguka, lakini unashuka hapa unapanda pale.

Mkadamu akamchukua mama kwa lori kumpeleka Dar. Karibu na Segera mvua ilikuwa imekata daraja, magari yamepanga foleni, watu wamekata tamaa. Yeye akapinda kwenye mashamba ya mkonge, akatokea upande wa pili, matope mpaka kwenye kioo. Wakafika uwanjani mlango unakaribia kufungwa.

Hapo mama akagoma! Alikuwa amehesabu saa za safari kwa vidole, akaona atashuka jua la arobaini limeshachomoza.

"Nirudisheni nyumbani. Niende kuaibika?"

Hatibu kwenye simu akataja tofauti ya saa za huku na kule, mama hakuelewa. Mkadamu akasihi, wapi! Shekue, aliyekuja kubeba mabegi tu, akamshika mkono.

"Mama, hilo litakalochomoza ni jua la kwetu. La Toronto litakuwa bado limelala. Hapa ukianua nguo, wenzetu ndio kwanza wanaanika."

Mama akacheka, akaingia ndani.

Alishuka Toronto usiku. Alfajiri akamfunga mjukuu kwa kanga, juu yake blanketi, akamtoa mlangoni jua linachungulia. Mwanahawa alilia tena, safari hii kwa furaha.

Sasa Tanga hakukaliki. "Bila njia yangu angelala uwanjani," asema Hatibu. "Bila lori langu angelala Segera," asema Mkadamu. Shekue anatabasamu: "Bila mimi angelala kwake."

Bi Mwanakombo anacheka kwenye simu: "Amueni, wanangu. Mie namwita Bwana Mdogo, na keshaanza kugeuka nikimwita."

Haya, wenzangu, mmewasikia wote watatu. Jina moja, mtoto mmoja. Je, wewe ungempa jina la nani?