Kokwa za Tende za Mji wa Rasini

Alitawala katika mji wa Rasini Sultani Haidari bin Mubaraka, na asiyewahi kumsikia basi hajapata kukaa na msimuliaji hodari kama mimi. Huko kila mwaka raia wote walichagua mlinzi wa visima, kila mmoja akitia kokwa ya tende katika mtungi wa amtakaye.

Mwaka huo waligombea wawili: Bwana Farhani, aliyetoa hati yenye ahadi arubaini, na Bwana Mkame, asiyetoa hata karatasi ya kufungia karanga. Siku ya kuchagua ilipokwisha, Waziri Ghasani, swahiba wa Farhani, akainama na kusema, "Ewe Maulana, madobi na wachukuzi hawajui kusoma, na hawajui hata wanachokitaka. Wanyang'anywe kokwa."

Mwanakheri, dobi wa mjini, akapaza sauti. "Mheshimiwa Waziri, kanzu zako nafua mimi. Unataka nikujue vipi tena?"

Watu wakacheka. Sultani hakucheka, akasugua pete yake, na jini Kaukabu akatokea, mrefu kupita mnara.

"Labeka, Maulana."

"Twaa mia katika wasiosoma, uwajaze habari zote za wagombea, kisha wachague tena. Wakigeuka zaidi ya nusu, Waziri apewe alitakalo."

Jini akamwendea Mwanakheri. "Ulimchagua nani?"

"Mkame. Kanzu zake huja na tope la visima hadi magotini. Za Farhani huja na marashi."

Jini akampulizia sikioni hati, mikataba, na siri ya Farhani ya kutia visima kufuli na kuuza maji. Mwanakheri akashika kichwa.

"Umenichosha bure, baba. Ni yule yule!"

Katika mia, themanini na mmoja hawakugeuka. Kumi na tisa waligeuka, akiwemo Shungi mchukuzi, mchumba wa Mwanakheri, aliyempenda Farhani kwa sauti yake nzuri.

"Maulana, kumi na tisa!" akalia Waziri.

"Kweli. Kaukabu, sasa wajaze wasomi mia."

Wasomi wakageuka arubaini, kwa kuwa mwanzo walikuwa wameiamini hati ya Farhani.

Basi kokwa zikabaki kwa wenyewe. Mkame, aliyekuwa na kokwa nyingi zaidi mtungini, akapewa visima, Mwanakheri akapewa dinari elfu, akaolewa Ijumaa kwa ngoma siku saba. Asiyesoma huweza kujua alitakalo, na hukosea pia. Msomi naye hukosea, ila kwa madaha.

Mwaka uliofuata Shungi akasimama mbele ya mitungi, akamnong'oneza mkewe, "Nimtilie nani?"

"Usinitazame mimi, mume wangu. Kawaulize wachota maji."