Chai ya Mkaguzi

Wanakijiji walilalamika kwamba maji ya kisima kipya yanawaumiza matumbo. Mkandarasi Lusajo, aliyekichimba, akamwambia Bi Zamda, mkaguzi wa serikali, akipitishe siku hiyo hiyo, la sivyo atahamishwa.

"Nitakipitisha, mzee," Bi Zamda alimjibu mbele ya watu. "Kwanza tunywe chai."

Lusajo alipokifikisha kikombe mdomoni, Bi Zamda akasema kwa upole, "Karibu, mzee. Maji ya kisima chako yamechemka vizuri."

Lusajo akakitua kikombe upesi. "Mama, unataka kuniua?"

Wanakijiji wakamzunguka, wala hakuachiwa njia mpaka alipoahidi kuchimba kingine.

Alipokwisha kuondoka, Bi Zamda alikinywa kile kikombe chote.

"Msiogope," aliwaambia. "Maji haya nimeyaomba asubuhi kwa mke wake."