Sufuria Iliyopasuka Katika Kumi la Mwisho

Naanza kwa jina la Mola Mpaji, aliyetia utamu ndani ya muwa na subira ndani ya moyo. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake, na aali zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Hadithi hii niliipokea kwa bibi yangu mzaa baba, naye aliipokea kwa somo yake, na somo yake aliipokea kwa watu wa Pemba, ambao ndio wenyewe. Nami naitoa kama nilivyopewa.

Hapo zamani, katika mji mmoja wa Pemba, palikuwa na nyumba ya halwa, na mkuu wake akiitwa Mzee Ngwali. Nyumba ile ilikuwa na jiko moja, sufuria moja kubwa ya shaba, na mwiko mmoja mrefu kama kasia. Wakorogaji walipokezana, lakini mwenye mwiko alikuwa mmoja, Mzee Ngwali, na neno lake halikurudiwa. Sharti lilikuwa hili: mkorogaji hauachi mwiko mpaka apokelewe. Na mchanganyo wa viungo waliujua watu wawili tu, Mzee Ngwali na swahibu yake Mzee Shaame, nao walimwapia Mwenyezi Mungu kwamba hawatamwambia mtu. Wanawake walichekecha wanga na kumenya lozi uani. Jikoni hawakuingia.

Likaingia kumi la mwisho la Ramadhani. Mji mzima ulikuwa umeagiza halwa ya Idi, na wajane na mayatima wa nyumba ile walikuwa wakiitegemea Idi hiyo kwa nguo na kwa chakula.

Alasiri moja aliyekuwa akikoroga ni Faki, mpwa wa Mzee Ngwali. Mzee alisimama kando yake, saumu imemkausha, moto umemwelemea. Akayumba kuelekea motoni. Faki akauachia mwiko, akamdaka, akamlaza kivulini. Aliporudi, halwa imeshika kitako na moshi umetanda. Kwa kiherehere akamwaga maji baridi. Sufuria ile, iliyokwisha kuungwa kitako zaidi ya mara moja, ikalia taa! Ikafunguka. Halwa yote ikamwagikia motoni.

Mzee Ngwali alipozinduka akauliza, "Nani?"

"Ni mimi, mjomba," akasema Faki. "Niliuacha mwiko. Na maji nimemwaga mimi."

Hakusema aliuacha kwa nini. Mzee alikuja kuambiwa baadaye na bintiye, Mize, aliyeyaona akiwa uani.

Mize ndiye aliyesema neno la kwanza. "Baba, sufuria yetu imepasuka, lakini majiko ya mji hayakupasuka. Kila nyumba ina sufuria yake ndogo. Tugawe wanga, tugawe samli, kila mwanamke apike kwake."

Mzee Shaame akacheka. "Halwa ya sufuria ndogo! Huo ni uji uliovaa kanzu ya Idi."

"Basi, ami Shaame, wewe siku ya Idi utakula moshi. Tunao mwingi."

Watu wakacheka, ila Mzee Ngwali. "Na viungo je?" akauliza. Akamtazama Shaame, Shaame akatazama chini. "Siri ya baba yangu haitoki. Mize, usigawe kitu." Akajifunika shuka, na homa ikamshika.

Mize aligawa. Alitii kila neno la babaye tangu utoto, na siku ile hakutii.

Faki akachukua kazi. Alibeba wanga, akapasua kuni, akakoroga ua kwa ua, hata viganja vikamchubuka.

Na magharibi moja, Mzee Ngwali akiwa kitandani, upepo ukamletea harufu ya iliki, na zafarani, na kungumanga, vikiwa katika kipimo ambacho angekitambua kama mtu atambuavyo sauti ya mamaye. Akajua kwamba Shaame amekivunja kiapo. Ikamuuma. Kisha akaingia Bi Zume, mjane wa jirani, na kibakuli mkononi.

"Futuru, Mzee. Ya kwangu hiyo. Usinihurumie, sema kweli."

Mzee akaonja. Ilikuwa halwa ya baba yake. Machozi yakamtoka, akashindwa kujua analia uchungu au furaha.

Idi ikafika, na kila aliyeagiza akapata, na wajane wakavaa.

Baadaye ikaletwa sufuria mpya kutoka bara. Wanaume wakasema, "Alhamdulillahi, sasa turudi kama zamani." Bi Zume akasema, "Sufuria ndogo zimewavusha. Leo mnataka kututoa jikoni?"

Mzee Ngwali akawaita wote barazani. Kisha akasema, "Haturudi. Hii kubwa itapika halwa ya harusi. Majiko ya uani yabaki, kila mpishi ale fungu lake, na kila shauri lisemwe mbele ya wote. Lakini mimi nimechoka. Na majiko mengi yasiyo na neno moja yatatengana, kila moja litauza lijuavyo, na jina la baba yangu litazikwa nami. Mwiko lazima uwe na mwenyewe, na mwenyewe ni mmoja. Semeni nani aupokee."

Mzee Shaame akasema, "Ndugu yangu, mimi nimevunja kiapo ili nyumba yako isivunjike. Nimetoa kafara, nimelisha maskini kumi kama Kitabu kilivyoamrisha. Lakini jina la mwaminifu nililolibeba tangu ujana halirudishwi na kafara. Bila viungo vyangu, ule ulikuwa uji."

Mize akasema, "Baba, siri ilikuwapo tangu enzi za babu, na sufuria ndogo zilikuwapo tangu enzi za mama yetu Hawa. Nani aliyezikutanisha? Nilikuasi ukiwa mgonjwa, na hilo linanitoa usingizini. Ila njia niliiona mimi."

Faki akainama. Bi Zume akamsemea: "Huyu asingeuacha mwiko, leo tungekuwa tunamsomea Mzee hitima."

"Haya, Bi Zume," akasema Shaame, "mwakani tumtafute wa kuipasua na hii mpya, tuzidi kubarikiwa!"

"Cheka, Shaame. Wewe ulipita uani kwangu na vijaluba vyako vya viungo. Yeye alibaki hata jiko likazimwa. Na aliposema 'ni mimi', nani aliyemlazimisha? Kweli ile ndiyo iliyotufanya tuache kulaumiana, tukaanza kupika."

Ndipo Faki akainua uso. "Mjomba, mimi sidai. Sharti la nyumba nililivunja. Ila ukianguka tena, nitauacha tena."

Mzee Ngwali akaupakata mwiko. Akamtazama swahibu aliyemsaliti kwa mapenzi. Akamtazama binti aliyemuasi kwa mapenzi. Akamtazama mpwa aliyeharibu kazi kwa mapenzi. Wote watatu aliwapenda, na hakuna kati yao ambaye angemtoa nyumba ikabaki imesimama. Akaunyosha mkono wake wenye mwiko.

Enyi mliokaa nami, uamuzi wake bibi yangu hakuniambia, nami sitautunga. Aliyeiona njia, aliyetoa heshima yake njia ipitike, au aliyeivunja sufuria akakiri: je, nani alistahili kuupokea mwiko?

Semezaneni taratibu. Na Mola awakunjulie riziki zenu, awahifadhie watoto wenu, na azijaze nyumba zenu watu wanaopendana hata wanapohitilafiana. Amin.