Upepo wa Nyuma ya Mlima

Msijifanye hamkusikia. Juzi mkutanoni yule mama alisimama akasema, "Upepo wa nyuma ya mlima haupimwi mbele yake," nanyi vijana wazima mkatazama viatu vyenu. Mlijua vizuri anamsema nani. Leo mmekuja kukaa kwa adabu, mnauliza maneno hayo yalitoka wapi, kana kwamba ni fumbo la mababu. Si la mababu. Baadhi ya wahusika bado wanapokea pensheni.

Methali hii ilianza hivi.

Kulikuwa na rubani aitwaye Boay Sulle, aliyerusha ndege ndogo ya kubeba chanjo na wagonjwa. Kituo chake cha mbali kuliko vyote kilikuwa Gidamar, kijiji kilicho nyuma ya Mlima Sanka. Mlima huo una mbele na nyuma. Mbele ndiko upepo unakotokea, na huko kuna lami, mashamba ya ngano na nyumba ya wageni yenye veranda pana. Nyuma kuna mawe, migunga na watu wa Gidamar, ambao mgonjwa wao akizidiwa hawakuwa na tegemeo jingine ila ndege ya Boay.

Asubuhi moja ya Juni, Boay akikaribia kutua, hewa ilimtoroka chini ya mabawa. Akaipa injini nguvu zote, akanyanyua pua, lakini ndege ikazidi kwenda chini kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Kilichobaki mikononi mwake ni kuchagua mahali pa kuangukia. Akaiingiza kwenye migunga. Ndege ikavunjika vipande, nesi Emiliana Margwe aliyekuwa naye akavunjika mkono, lakini wote wawili wakatoka hai.

Ikaundwa kamati. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Kihwelo, mtu wa suti ya kijivu na maneno ya mkato. Boay alimweleza, "Mheshimiwa, nyuma ya mlima kuna hewa inayoporomoka." Kamati ikakodi ndege ya utafiti, yenye vyombo vya kupima upepo na mawingu, ikairusha siku mbili juu ya mashamba ya ngano. Siku zote mbili wingu jeupe lilikaa juu ya kilele kama kofia, halisogei. Kihwelo akalinyooshea kidole akiwa verandani, mkono mwingine ukiwa na nyama ya mbuzi. "Wingu lenyewe limelala," akasema. "Huo upepo uko wapi?"

Taarifa ikaandikwa: hewa ya Mlima Sanka ni tulivu, kosa ni la rubani. Boay akanyang'anywa leseni. Gidamar ikabaki bila ndege, kwa kuwa hakuna rubani aliyetaka kurithi mkosi wake.

Na hili mlishike, maana usahaulifu wenu ndio unaowanenepesha akina Kihwelo: kabla ya Boay, rubani mwingine, Mtatiro, aliangukia migunga ile ile akafa. Naye aliandikiwa sentensi ile ile, neno kwa neno. Mjane wake alikuwa akiinamisha kichwa kila apitapo mbele za watu.

Boay hakuinamisha. Alihamia Gidamar, akawa anatengeneza mashine za kusaga, na kila asubuhi aliandika katika daftari namna hewa ilivyoamka. Miaka mitatu. Akagundua kwamba siku ambazo kofia nyeupe ilikaa kileleni, nyuma ya mlima lilitokea wingu jingine, refu, limejikunja kama mkeka. Siku hizo vumbi la kiwanjani lilikimbia kurudi mlimani, kinyume cha upepo wote wa nchi.

Mwaka wa tatu ile ndege ya utafiti ikarudi, safari hii ikiongozwa na Daktari Nyamizi Shigela, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, aliyekuja kuchunguza mawingu ya ukanda ule. Boay akapanda lori la mkaa, akazunguka mlima, akamkuta uwanjani. Kihwelo naye alikuwapo, kuwapokea wageni.

"Aa! Rubani wa vichakani!" Kihwelo akacheka. "Leo umeegesha kwenye mti gani?"

Boay alimpita tu. Alimpa Nyamizi daftari. Nyamizi akalisoma amesimama juani, ukurasa kwa ukurasa, mpaka mafundi wakaacha kazi kumtazama.

"Vumbi linakimbilia mlimani?" akauliza.

"Ndiyo, Daktari. Chini ya wingu la mkeka."

"Na juu, ile kofia haisogei?"

"Haisogei kabisa."

"Haisogei kwa sababu upepo unapita ndani yake," Nyamizi akasema. "Hewa ikipanda inafanya wingu, ikishuka inalifuta. Kofia inabaki pale pale, upepo unakimbia." Akamgeukia Kihwelo. "Mwenyekiti, ninyi mlipima wapi?"

"Mbele ya mlima. Kwa ndege hii hii."

"Kwa nini hamkwenda nyuma?"

"Daktari, nyuma ni hatari! Vyombo vya thamani kama hivi..."

Fundi mmoja akapiga mluzi. Hata Kihwelo mwenyewe alisikia alichosema: hawakwenda kwa sababu kuna hatari, wakaandika kwamba hatari haipo.

"Kesho kofia ikikaa, tunaruka," Nyamizi akasema. "Tutaanza juu sana, tushuke ngazi kwa ngazi, na nikisema basi ni basi. Kaka Boay, utakaa nami."

"Nami nitapanda," Kihwelo akasema. "Nikauone huo upepo wa hadithi."

Asubuhi kofia ilikaa. Puani mwa ndege ulichomoza mkuki mrefu wenye matundu matano madogo, uiguse hewa kabla ndege haijaivuruga. Chini ya bawa palikuwa na jicho la mwanga la kuhesabu matone ya wingu. Kompyuta ilijua ndege inavyoyumba yenyewe, ikaondoa kuyumba huko, ukabaki upepo mtupu.

Mbele ya mlima walipita kama wanaoteleza kwenye maziwa. Kihwelo akatabasamu. Wakavuka kilele. Hewa ikawanyanyua, kisha ikawaachia. Kalamu zikaruka darini. Boay alikaza macho kwenye skrini, ambako mstari wa upepo uliporomoka kama jiwe, kwa kuwa miaka mitatu ya jina lake ilikuwa katika mstari ule.

"Mungu wangu! Mwambieni ashushe!" Kihwelo akapiga kelele.

"Inashuka yenyewe, Mheshimiwa," Boay akasema.

"Basi," Nyamizi akamwambia rubani, na ndege ikageuka kutoka.

Walipotua, Nyamizi akasoma vipimo mbele ya watu wote. Hewa ilikuwa ikishuka mita tisa kila sekunde. Ndege ya Boay, injini ikitoa nguvu zake zote, iliweza kupanda mita nne. "Hakuna rubani chini ya jua ambaye angeinyanyua," akasema. "Huyu aliwaokoa watu wawili."

Kihwelo alijifuta mdomo kwa leso. "Lakini vyombo vyetu vilikuwa hivi hivi..."

"Vyombo havikukosea," Boay akasema. "Upepo wa nyuma ya mlima haupimwi mbele yake."

"Nitarekebisha taarifa nikifika mjini."

Nesi Emiliana, aliyekuwa katika umati, akamwekea karatasi mkononi, kwa mkono ule uliopona umepinda. "Mjini nako ni mbele ya mlima, Mheshimiwa. Andika hapa. Anza na Mtatiro."

Akaandika. Akaanza na Mtatiro, na mjane akaisoma karatasi ile kwa sauti kanisani, kichwa juu. Leseni ikarudi. Ikawekwa kanuni kwamba wingu la mkeka likitokea, hakuna anayetua. Siku Boay aliporudi Gidamar na ndege mpya, vigelegele vilizidi mlio wa injini, na wazee wa heshima zao walicheza mpaka vilemba vikawadondoka.

Upepo wa nyuma ya mlima haupimwi mbele yake. Sasa mmejua. Na dakika hii wakaguzi wa zahanati wako kwa mtendaji wa kijiji, yule aliyesemwa juzi, wanakunywa chai. Wataonyeshwa chumba cha mbele, kilichopakwa rangi jana. Wodi ya wazazi iko nyuma, na tangu masika haina paa. Inukeni. Kawashikeni mkono kabla vikombe havijakauka, muwapeleke nyuma.